Saladi ya Makaroni, Mwaka wa Mahindi Mabaya

Habiba alikuwa mwoga, na wala hakuona haya kusema hivyo. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa sindano, na jiko la gesi aliliogopa mpaka siku alipoachishwa kazi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpishi katika shule moja ya bweni nje kidogo ya mji wa Machakos, na katika miaka hiyo yote hakuna mtoto hata mmoja aliyeshika tumbo kwa sababu ya chakula chake. Alionja kila sufuria mwenyewe kwanza, akakaa kwenye kigoda, akalisikiliza tumbo lake, ndipo aliporuhusu kengele ya chakula ipigwe. Wapishi wenzake walimcheka mpaka wakapaliwa. Walimwita Daktari wa Maharagwe. Aliwaacha wacheke, naye akaendelea kuonja.

Baba yake alitoka Malindi kuja kumsaidia mjomba wake dukani kwa miezi mitatu, na miezi hiyo haikuisha mpaka alipozikwa. Habiba akazaliwa mjini, akakua akisema Kikamba na watoto wa jirani na Kiswahili cha pwani na baba yake. Akaolewa na Omar, fundi cherehani, kijana wa Kola aliyesilimu akiwa na miaka ishirini na miwili na ambaye tangu hapo hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Mtoto wao wa kwanza, Farhan, alikuwa na maisha yake Mombasa. Wa pili, Firdaus, alizaliwa baada ya miaka kumi na moja ya kungoja na mimba tatu zilizoharibika. Ndiyo maana hofu zote za Habiba, za radi na za mbwa na za sindano, zilikuwa zimefungwa furushi moja na kutuliwa juu ya kichwa cha msichana huyo.

Ukaja mwaka wa 2004. Msimu ule watu walivuna mahindi yakiwa bado na maji. Njaa ilikuwa imewabana, na aliyeyaacha shambani yakauke aliamka akakuta yameshavunwa na wenye mikono mirefu. Kwa hiyo watu waliyaingiza ndani mabichi, wakayamwaga kwenye sakafu ya chumba cha kulala, wakalala kando yake wakiyalinda. Humo gizani, bila upepo, yakaota ukungu. Ilipofika Aprili na Mei, watu walianza kugeuka macho manjano, matumbo yakawavimba, na wengine wakafa nyumba nzima. Redio ikawa inasema kila asubuhi: msile mahindi yenye ukungu, yana sumu, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa.

Kusema ni rahisi. Mtu wa Machakos usimwambie asile mahindi, maana asubuhi atakuuliza ale nini. Wanawake walisimama sokoni wakinusa unga kama wanaonunua manukato, wakaurudisha, wakazunguka, wakarudi kuununua ule ule. Hakuna aliyejua gunia lipi ni zima. Habiba yeye alikata shauri mara moja: mahindi hayakuvuka tena kizingiti chake. Ugali, uji, isyo ya mahindi na maharagwe, vyote vikakoma. Omar alikula wali siku tatu mfululizo, siku ya nne akauliza kwa upole kama wali hauna ndugu.

Ni hofu hiyo iliyoleta saladi. Kila Jumamosi Habiba alifundisha vijana sita kupika, Firdaus akiwa mmoja wao, katika chumba kilichokuwa nyuma ya msikiti, bila malipo. Walikuwa wamemaliza shule au shule iliwamaliza wao, na wengi walikuwa wakisubiri kazi katika viwanda vya Athi River, ambako wangepanga chumba kimoja na kuishi kwa mkate na soda. Walijua kupika vitu viwili, chai na ugali, na ugali wenyewe sasa ulikuwa umekuwa kitu cha kuogopwa. Habiba akakaa akafikiri: chakula kisicho na mahindi, kinachopikika kwa jiko moja, kinachotia nguvu mwilini na kinachoweza kubebwa kazini kwenye kopo. Akakumbuka makaroni.

"Leo tunapika saladi ya makaroni," akawaambia Jumamosi hiyo asubuhi.

"Saladi ni nini, Mama Farhan?" akauliza Levi, mrefu kama mlingoti na mwenye mdomo usiojua kupumzika.

"Ni kachumbari iliyoenda shule," akajibu Firdaus, na wote wakaangua kicheko.

"Na inaliwa ikiwa baridi?"

"Baridi kabisa."

"Asi! Chakula baridi ni ya mgonjwa," akasema Levi. Kicheko kile kikakatika katikati, kwa sababu mwezi ule neno mgonjwa lilikuwa halichekeshi.

Habiba akawaonyesha. Maharagwe aliyoyaloweka tangu jana na kuyachemsha mapema. Karoti za kukwaruza, pilipili hoho, nyanya, kitunguu cha kuoshwa kwa chumvi ili kisiume. Mayai ya kuchemshwa, moja kwa kila watu wawili. Ndimu, mafuta kijiko kimoja, dania. Akawaambia makaroni hujaza tumbo tu, lakini maharagwe na mayai ndiyo hujenga mwili, na mboga ndizo huulinda. Akawaambia pia makaroni yasiachwe yalale usingizi kwenye maji moto yakawa uji. Katunge, msichana mnyamavu aliyekuwa akifanya kazi ya kufua nguo za watu, aliandika kila kitu nyuma ya kalenda ya zamani.

Wayua ndiye aliyefika mwisho. Alitoka Kola, akitembea sehemu kubwa ya njia, na alikuwa na miaka kumi na saba. Mama yake alikuwa amekufa zamani, baba hakutajwa nyumbani kwao, akaishi na nyanya yake, ambaye alimwita susu kama Wakamba wote wanavyowaita nyanya zao, pamoja na mdogo wake Ndinda wa miaka sita. Siku hiyo alikuwa amebeba kopo la plastiki lililofungwa kwa kitambaa.

"Mwalimu, susu anakusalimia sana," akasema, akilitoa kwa mikono miwili. "Amesema siku zote mimi nakula kwako na yeye hajawahi kukutumia kitu. Ni muthokoi. Ameichemsha tayari, isikusumbue."

Habiba akalipokea kopo. Muthokoi ni mahindi, mahindi yaliyotwangwa yakatolewa ganda yakabaki meupe. Na yalitoka Kola, ambako wiki ile ile Omar alikwenda kuzika binamu yake.

Sasa, mwanamke mwingine angesema. Angesema, mwanangu, tunaogopa mahindi mwaka huu, mwambie susu nimeshukuru lakini siwezi. Ni maneno kumi, na hata mtoto angeyasema. Lakini huko kwetu chakula cha mwanamke mzee hakirudishwi. Ukikirudisha umemwambia kwamba yeye ni mchafu au ni mchawi, na atakaa na neno hilo kifuani mpaka kaburini. Habiba alijua hivyo tangu utotoni. Akatabasamu tabasamu lake zuri kabisa, akasema, "Mwambie susu ahsante sana, Mungu ambariki," akaliweka kopo juu ya rafu nyuma ya mifuko ya chumvi. Moyoni alikuwa ameshapanga kulimwaga chooni wakishaondoka. Hakumuuliza Wayua mahindi yalitoka gunia gani, wala huko nyumbani wanakula nini, wala susu mwenyewe hali yake ikoje. Aliogopa kwamba akiuliza atajibiwa.

Adhana ya adhuhuri ikaita makaroni yakiwa yameshapoa na mboga zimeshakatwa. Habiba akawaambia wachanganye wenyewe, akaenda kuswali pamoja na Firdaus. Firdaus alitangulia kurudi. Yeye Habiba alikamatwa mlangoni na mwanamke mmoja aliyekuwa na habari za mazishi, mazishi mawili ya siku moja huko upande wa Makueni, na kila alipotaka kuaga, mwanamke yule alikumbuka maiti nyingine.

Alipoingia chumbani walikuwa wameshamaliza kula. Levi alikuwa ameegemea ukuta na mikono juu ya tumbo. Firdaus alikuwa anakomba sufuria kwa kidole.

"Tumekuwekea yako, Mwalimu," akasema Katunge, akafunua sahani.

Ilipendeza, kwa kweli. Nyekundu ya nyanya, kijani cha hoho, manjano ya mayai. Na katikati ya makaroni, punje nyeupe, nono, nyingi.

"Hii ni nini?" akauliza, ingawa alijua.

"Ni muthokoi yangu," akasema Wayua, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. "Nimeona makaroni ni kidogo, hatuwezi kushiba watu saba. Nikaona umesahau kopo kwa rafu. Kwani nimekosea?"

Macho ya wote sita yakamgeukia mwalimu. Habiba akaiangalia sufuria tupu, akamwangalia binti yake aliyekuwa bado na mafuta kwenye ncha ya kidole. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kuwashika mmoja mmoja na kuwatia vidole kooni. Badala yake, mwanamke huyu aliyeogopa hata mbwa aliyefungwa alivuta kigoda, akakaa, akaila ile sahani yote mpaka ikabaki nyeupe. Ilikuwa tamu. Kila punje aliyoitafuna aliiogopa peke yake, akaimeza. Hakuweza kuvumilia kubaki yeye tu mzima katika chumba kile.

"Hujakosea, mwanangu," akasema. "Nendeni nyumbani salama."

Wakaenda. Hakuwaambia kitu. Alijiambia kwamba anawaonea huruma wasije wakahangaika bure, lakini huo ulikuwa uongo, na yeye mwenyewe aliusikia ukinuka. Aliogopa akina mama zao. Aliogopa jinsi itakavyosemwa sokoni: watoto wametiliwa sumu kule nyuma ya msikiti. Aliogopa zaidi ya yote kulisema neno lile kwa sauti yake, kwa maana likishasemwa linakuwa kweli.

Saa tisa alasiri Omar aliinua macho akamkuta amekaa humo dukani kwake, kati ya vitambaa. Akasimamisha cherehani. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Na Firdaus alikula?"

"Alikomba sufuria."

Omar akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Tungojee kwanza," akasema. "Huenda hayakuwa mabaya. Ukienda kwa watu sasa utawaua kwa hofu kabla sumu haijawaua."

Basi wakangoja. Nani asiyejua kungoja kwa namna hiyo? Firdaus akinyamaza, Habiba alimuuliza kama anaumwa. Akisema, alimuuliza mbona sauti imebadilika. Alimvuta dirishani mara tatu akamfunua kope aone weupe wa macho, mpaka msichana akasema, "Mama, kwani umepoteza kitu humu ndani?" Usiku ukapita hivyo. Asubuhi ya Jumapili Firdaus aliamka mzima wa afya, akala mandazi manne na kuuliza la tano.

"Umeona?" akasema Omar. "Mshukuru Mungu, unyamaze."

Na hapo ndipo mtu angetegemea Habiba anyamaze. Sababu alikuwa nayo sasa, tena yenye mandazi mkononi. Lakini alipomwona binti yake anatafuna, alimwona pia mama yake Levi, mjane mwenye kibanda cha mkaa, ambaye asubuhi hiyo hakuwa na habari kwamba kuna kitu cha kuchungulia machoni mwa mwanawe. Yeye Habiba alikuwa amechungulia mara tatu. Mama Levi hakupewa hata mara moja. Akavaa buibui lake, akatoka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa hiyo ya mkaa.

"Mama Levi, nimekuja na maneno mabaya," akasema akiwa amesimama mlangoni, kwa sababu alijua akikaribishwa kuketi hatayasema. Akasema yote: kopo, rafu, sala, sahani. Mama Levi akamsikiliza huku mikono yake myeusi ikining'inia.

"Jana saa ngapi?" akauliza.

"Saa saba."

"Na sasa ni saa tatu. Mama Farhan, umekaa na mtoto yangu kwa roho yako usiku mzima na hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?" Mama Levi akacheka kicheko kikavu, kisha akaanza kulia. Halafu akafunga kibanda, akamwita Levi, na wote watatu wakaenda nyumba ya pili.

Kufikia saa tano walikuwa kundi kubwa kwenye benchi la hospitali: vijana watano, mama wanne, baba mmoja, na Habiba mwishoni kabisa ambako hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Mama yake Titus, kijana mpole aliyetaka kuwa mpishi wa hoteli, alimwambia wazi mbele ya watu kwamba mwanawe akifa, yeye Habiba atalala jela. Habiba akaitikia kwa kichwa. Kila mtu aliyepitishwa amefunikwa blanketi alimfanya ashike ukuta.

Daktari alikuwa kijana anayeitwa Kimeu, mwenye macho ya mtu asiyelala wiki nzima. Aliwapeleka dirishani mmoja mmoja, akawafunua kope, akawabonyeza chini ya mbavu upande wa kulia. Akachukua damu. Ilipofika zamu ya Habiba na sindano yake, hata hakufumba macho.

"Kwa macho yangu hawa ni wazima," akasema Kimeu hatimaye. "Na kula mara moja, tena kidogo hivyo, si sawa na kula kila siku. Wanaofika hapa wakiwa vibaya ni wale wamekula kwa wiki nyingi. Warudi Jumatano tuangalie damu." Akageuza karatasi yake. "Lakini umesema walikuwa sita na hapa naona watano. Huyo mwenye alileta mahindi ako wapi?"

Habiba akaligeukia benchi, akahesabu tena.

Usiku mzima. Usiku mzima alikuwa amehesabu waliokula sahani moja, akiwaogopea mmoja mmoja kwa majina yao, na hata Wayua alimhesabu miongoni mwao, kama mtu aliyekula sahani moja. Hakuwahi kufika na mawazo yake mpaka kwenye gunia. Kopo lile lilikuwa limechotwa mahali, na mahali hapo palikuwa na watu waliochota asubuhi na jioni.

"Ni wa Kola," akasema. "Yeye, na nyanya yake, na mtoto wa miaka sita."

"Mlete leo," akasema Kimeu. "Usingoje kesho."

Omar aliazima pikapu ya jirani muuza simiti, wakaenda. Njiani Habiba alikuwa akisoma dua zote alizozijua, na alipozimaliza akaanza upya, na katikati ya dua alikuwa akimwona Wayua amesimama na lile kopo katika mikono miwili. Lau angeuliza swali moja. Wangefika siku moja mapema.

Nyumba ilikuwa ya matofali, safi, uwanja umefagiliwa. Wayua alitoka jikoni akikimbia, akadhani wamekuja kumtembelea tu, akaanza kutafuta vigoda. Habiba akamshika mkono akamgeuza kwenye jua. Weupe wa macho yake ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyokorogwa kidogo tu. Jana, ndani ya chumba kile chenye dirisha dogo, hakuiona. Hakuwa amemtazama.

"Susu yuko wapi?"

"Amelala. Ni homa tu, na Ndinda pia. Susu alisema nisikwambie, utafikiria tunataka kuombaomba."

Ndani, Ndinda alikuwa amekaa juu ya mkeka, miguu mbele, mwembamba mikononi na mwenye tumbo kubwa lililotuna. Macho yake yalikuwa manjano kabisa. Susu alilala kitandani, na kando ya kitanda palikuwa na gunia, na juu ya gunia ungo. Mwanamke mzee alipoona wageni alijaribu kuinuka, akashindwa, akaanza kuomba radhi kwa kushindwa.

"Mwaitu, mama yangu, tulia," akasema Omar kwa Kikamba, akipiga magoti. "Tumekuja kukuchukua."

Habiba akachungulia ungo. Punje zilizokuwa humo zilikuwa na rangi ya majivu, nyingine zikiwa na vichwa vyeusi, nyingine kijani. Akachota chache. Zilinuka kama nguo iliyosahaulika ikiwa mbichi.

"Susu," akasema. "Yale uliyonitumia jana yalitoka hapa?"

"Hapo hapo," akajibu mwanamke mzee. "Lakini usiwe na wasiwasi. Mwalimu hapewi takataka. Nilichagua siku mbili nzima, punje moja moja. Macho yangu si mazuri, kwa hiyo Ndinda alinisaidia. Yale meupe yote nilikuwekea wewe."

"Na haya?"

"Haya ni yetu. Nayatwanga, nayaosha mara tatu, yanakuwa hayana shida." Akapumzika kidogo, akivuta pumzi. "Chakula kilitosha? Watoto walishiba?"

Omar akageuza uso. Habiba akafungua mdomo akidhani hataweza, akaweza.

"Walishiba, susu. Walikomba sufuria."

Mwanamke mzee akafurahi sana. Alilirudia neno hilo alipokuwa akibebwa kuingizwa kwenye pikapu, na akalirudia tena kwa muuguzi aliyempokea, kwamba watoto wa mwalimu walikomba sufuria.

Jumatano wale vijana watano walirudi na mama zao. Damu yao ilikuwa safi, ya Habiba pia. Mama Titus alimshika mkono. Walipokuwa wakitoka kwa furaha, wakisukumana na kucheka kwa sauti kubwa kama watu waliorudishiwa kitu, Habiba alibaki nyuma kwenye korido, kwa sababu alikuwa ameshaambiwa. Susu alikufa alfajiri ya siku hiyo. Wayua alikuwa amepata nafuu. Ndinda walisema wangoje, na Habiba akangoja, siku baada ya siku, kando ya kitanda kile, akimfunua kope mtoto asiyekuwa wake na kutafuta weupe ndani yake. Ulirudi polepole sana, na kila asubuhi aliogopa kwamba ameuona kwa sababu anautaka.

Majirani walilichoma gunia. Shangazi mmoja alikuja kwa mazishi, akaahidi kupita pita nyumbani, akaondoka.

Jumamosi ya nne Habiba alifungua chumba nyuma ya msikiti bila kutegemea mtu. Mama Levi alimleta Levi mwenyewe kwa mkono, akakaa mlangoni kama mlinzi, na mwisho akaombwa akate karoti akakubali. Katunge alikuja na kalenda yake. Wayua alifika akiwa amenyoa kichwa kwa ajili ya msiba. Mikono yake ilikuwa mitupu, na aliificha nyuma kwa haya.

Walipomaliza kupika na wengine wakawa wanaosha vyombo, Wayua alimsogelea mwalimu wake.

"Ndinda anatoka Jumatatu," akasema. "Daktari amesema akule vizuri. Nataka nimpikie hii. Sasa nyumbani naweka makaroni ngapi?"

Habiba akafungua pakiti mpya. Akachota kiganja kimoja akakiweka kwenye bakuli, akachota cha pili, akachota cha tatu.

"Hapo ni ya watu watatu, Mwalimu," akasema Wayua. Akatia mkono kwenye bakuli, akatoa kiganja kimoja, akakirudisha kwenye pakiti.